Sweta Lililomkataa Bibi Harusi

Juni 3

Dada,

Baridi imeingia. Asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa kimelowa kwa ndani, na shuka nililofua juzi bado lina unyevu. Wateja wameanza kukumbuka kwamba wana watoto, na watoto wana vifua. Fundi cherehani ninayepanga naye chumba cha mbele, yeye upande wa dirisha na mimi upande wa mlango, amenitazama nikifungua mfuko wa sindano akasema, "Haya, Mama Sufu, msimu wako huo. Sisi wa magauni tule upepo."

Lakini si baridi iliyonifanya nikuandikie. Mwanao amepiga simu. Anaolewa mwezi ujao, Jumamosi ya pili, na mwoka mikate mwenzake.

"Mama mdogo, utakuja?"

"Nitakuja hata kwa kutambaa."

"Na wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti cha mama. Tumeshakubaliana nyumbani."

Nikamuuliza, na yule je? Akasema, "Tumekubaliana, mama mdogo." Sikuuliza tena. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Tangu shemeji amwoe yule mwanamke sijakanyaga nyumba ile. Mtoto alikuwa akija kwangu likizo, na alipomaliza shule na kuanza kazi, tukabaki na simu tu. Sasa nitaingia kwa mlango wa mbele na nitakaa kitini pako.

Nimekumbuka ulivyonishika mkono hospitalini, mtoto akiwa darasa la pili. Wengine huomba mambo makubwa. Wewe ulisema, "Akiolewa wakati wa baridi umfumie kitu. Asitetemeke mbele za watu kama mimi." Kwenye picha zako zote za harusi umebana viwiko mbavuni, na watu wanadhani ulikuwa ukiogopa ndoa. Ulikuwa na baridi tu. Nami siku ya harusi yako sikuwa nimejua kufuma hata leso.

Nitafuma sweta la vifungo, jepesi, la kuvaa juu ya gauni.

Juni 5

Nimepata sufu. Rangi ya maziwa, laini mpaka unaona aibu kuishika na mikono ya kazi. Muuzaji amesema ndiyo ya mwisho ya rangi ile. Nimechukua yote.

Juni 6

Nimeanza mgongo. Fundi ameuliza, "Umempima?"

"Namjua."

"Unamjua au ulimjua?"

"Fundi, yule ni mtoto wa dada yangu. Mama yake mtupu, kuanzia shingo mpaka kisigino."

"Mimi hata mke wangu nampima kila gauni. Ananuna, lakini gauni linamkaa."

Nimemwambia ashone yake. Nilikuwa nimeshampigia mtoto kuuliza vipimo, akacheka, "Mama mdogo, si unanijua?" Basi. Mikono imeanza yenyewe, sikuhitaji hata kuhesabu vitanzi.

Juni 10

Ukungu. Masweta ya shule, ya kijani. Mgongo haukuguswa.

Juni 15

Mgongo na vifua vimekwisha. Mkono wa kushoto umetoka mrefu kidogo kuliko wa kulia, sijui nilikuwa nawaza nini. Nimeuacha. Sufu hujivuta.

Juni 16

Ukungu.

Juni 22

Mama mmoja amerudisha sweta la mtoto eti linamkwaruza shingo. Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama pale, analo mwilini, hataki kulivua. Tumembembeleza watu wazima watatu. Limeondoka naye.

Jioni nimewaza juu ya yule mwanamke. Sijui hata sauti yake. Najua tu kwamba alikuja miaka miwili baada yako, na kwamba mtoto humwita Ma. Zamani nilimkataza kumwita hivyo. Akasema, "Mama mdogo, si Mama. Ni Ma tu. Fupi." Alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amekata jina katikati ili kila mtu apate kipande.

Julai 2

Nimeunganisha. Limetoka zuri, dada. Hata Fundi amesimamisha cherehani, akaligeuza ndani nje kutafuta kasoro, akalirudisha bila neno. Kwake hiyo ni hotuba.

Julai 8

Mvua ya manyunyu siku nzima. Nimelifua sweta na kulilaza juu ya taulo. Hapa ndani halikauki wala halichuruziki, lipo lipo tu.

Julai 10

Limekauka. Safari kesho.

Julai 11, Ijumaa

Naandika kwenye chumba cha mwanao, jua halijazama bado, na mengi yametokea.

Nilimtazamia shemeji kituoni. Nilishuka na begi la nguo mkononi na sweta nimelifunga kwa kitambaa, nimelibeba kifuani kama kichanga. Kwenye nguzo alikuwa amesimama mwanamke mwembamba, ana blauzi nyepesi, anatetemeka. Akaniita, "Mama mdogo!" Nikajiuliza, mimi ni mama mdogo wake kwa lipi? Lakini alikuwa ameshafika.

"Lete begi."

"Ni jepesi."

"Najua ni jepesi, lete."

Akashika kishikio kimoja, nami sikuachia cha pili. Basi tukaenda hivyo hadi nyumbani, kila mtu na kishikio chake, begi katikati likitupiga magoti, watu wakitupisha. Njia nzima alizungumza yeye. Viti vya kuazima vimefika ila vingine vibovu, mkwe hali kitunguu kibichi, shemeji ana woga kuliko bibi harusi. Nilijibu "ehe" na "aha." Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwenye kiburi, nikakuta mtu mwenye mafua.

Shemeji amezeeka. Amenisalimia mara tatu, kila mara kama ndiyo kwanza ananiona, kisha akakimbilia viti.

Halafu mtoto akatoka chumbani.

Dada, sijui nikueleze vipi. Ni mrefu. Ana mabega ya baba yake, mapana, mabega ya mtu anayebeba magunia ya unga kila alfajiri, na kweli ndiyo kazi yake pale kwenye tanuri. Shingo imara. Mikono ambayo ukiiona unafurahi kwamba iko upande wako. Sura ndiyo yako, macho ndiyo yako, na hayo ndiyo ninayoyaona kwenye picha za simu, kwa sababu picha zake zote ni za uso. Akanikumbatia mpaka miguu yangu ikaachana na sakafu. Pale pale, nikiwa hewani, nikajua nimefanya nini.

Nilifungua kitambaa huku nikijiambia sufu hujivuta. Wakaligusa, wakalisifu. Mtoto akaingiza mkono wa kulia. Ukafika kwenye kiwiko, ukagoma.

"Labda nikivuta pumzi," akasema.

"Uvute pumzi mpaka kesho," akasema Ma wake, "uzimie mbele ya mkwe?"

Wakaanza kucheka wote wawili, kisha wakauona uso wangu wakaacha. Mtoto akasema haraka, "Mama mdogo, mimi wala sisikii baridi. Kazini natoka jasho msimu mzima. Uliza wote. Kesho nitaomba feni."

Alitaka kunifariji, akanimaliza. Ulinipa neno moja tu, dada, moja. Nami nimekuja nalo mpaka mlangoni likanidondoka. Nikasema, "Nitalifumua. Uzi ni ule ule. Mpaka kesho asubuhi nitakuwa nimempatia hata mtandio wa mabegani." Nikachukua mkasi wangu mdogo, nikatafuta mahali nilipofunga uzi wa shingo.

Ma wake akaweka kiganja chake juu ya sweta.

"Subiri kwanza."

Akaliinua, akalishika mabegani kwa vidole viwili viwili kama nguo inayoanikwa. Akalitazama. Akalisogeza kifuani kwake, bila kulivaa. Kisha akaniuliza:

"Mama mdogo, hivi ni vipimo vya nani?"

"Vya mtoto."

"Si vya mtoto."

Akaketi kitandani. "Nilipokuja nyumba hii nilikuta magauni yake kabatini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyatoa. Siku moja niko peke yangu nikajaribu moja, sijui shetani gani alinituma. Lilinikaa kama nimeshonewa. Niliogopa, nikalivua mbio, nikayakunja yote, nikamwekea mtoto sandukuni. Lakini mwili wake naujua tangu siku ile. Haya ni mabega yake."

Nikaketi na mimi, sakafuni, maana kiti kilikuwa mbali.

Ni kweli, dada. Nilikufumia wewe. Vitanzi nilivyoanza navyo bila kuhesabu ni vyako, vya yale masweta niliyojifunzia mgongoni kwako ukilalamika yanakuwasha. Kwapa nimelilegeza kwa sababu ulikuwa husemi kingine ila kwamba linabana. Na mkono wa kushoto ni mrefu kwa sababu ulipenda kuuvuta ukufunike vidole ukiwa unazungumza na wageni. Mwezi mzima nimekaa mlangoni nikikutengeneza, Fundi akinitazama, na wala sikujua.

Mtoto alikuwa amesimama katikati yetu. "Ma," akasema, "livae."

"Hapana."

"Kidogo tu."

"Sikuja nyumba hii kumvaa mtu," akasema. "Miaka yote hii nimejibana nisimkanyage. Usiniambie leo nimvae."

Kisha akanitazama mimi. Si kwa ubishi. Alikuwa anaomba ruhusa, na alikuwa tayari kunyimwa. Nikafikiri nitasema hapana. Kichwa kikaitikia chenyewe.

Akalivaa. Akafunga vifungo mpaka juu. Lilimkaa kama maji kwenye gilasi. Mkono wa kushoto ukamfunika vidole.

"Simama hapo hapo," akasema mtoto. Akaenda akamkumbatia. Lakini halikuwa lile kumbatio la kuinua watu. Aliizungusha mikono yake polepole, akaisikilizia ilipokutana nyuma. Akakaa hivyo. Nasikia mpaka sasa alivyosema, uso ukiwa ndani ya sufu:

"Kumbe alikuwa mdogo hivi."

Akainua uso.

"Mimi namkumbuka mtu mkubwa. Nikimkumbatia, kichwa changu kinafika hapa." Akagusa tumbo la Ma wake. "Kumbe ningeweza kumbeba."

Tulilia wote watatu, kila mtu kwa namna yake. Shemeji akachungulia mlangoni, akaliona sweta na aliyelivaa kwa nyuma, akashika fremu ya mlango. Kisha akasema viti viwili bado vina misumari, akaondoka.

Mkasi nimeurudisha kwenye mfuko.

Baadaye tulikuwa tunapiga pasi vitambaa vya meza, mimi na Ma wake. Nikamuuliza kwa nini alimkubalia mtoto anipe mimi kiti. Akanishangaa. "Kukubali? Wazo ni langu. Mtoto alitaka mimi nikae. Nikamwambia, akae mtu anayemjua mama yako. Mimi nimechoka kudanganya."

"Kudanganya nini?"

"Alipokuwa mdogo alikuwa ananiuliza. Mama alikuwa anacheka vipi? Mama alikuwa analala upande gani? Mimi nitajuaje? Baba yake ukimuuliza anatoka nje. Nikawa nazunguka kwa majirani kukusanya. Huyu kaniambia alipenda chai ya moto sana, yule kaniambia hapana, ya vuguvugu. Mengine yakipungua naongeza yangu. Nilimwambia mama yake alikuwa akiimba vizuri. Sijui. Aliimba vizuri?"

Nikasema, "Alikosea maneno ya kila wimbo."

Akaiweka pasi chini, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho akasema, si kwa lawama, kama mtu anayetaja bei ya kitu dukani, "Na wewe yote haya ulikuwa nayo."

Nilikuwa nayo, dada. Nilikuwa nayo yote, nimeyaweka safi, na nilikuwa nayalinda asiyaguse yeye.

Julai 12, Jumamosi

Ameolewa.

Asubuhi upepo ulikuwa wa kukata masikio. Ukumbi ni mkubwa, sakafu ya saruji, madirisha juu kabisa na mawili hayafungi. Wageni wamejikunyata kama kuku. Bibi harusi peke yake, mikono wazi, ana jasho kwenye mdomo wa juu. Mkwe ni mfupi kuliko yeye na hana habari nalo. Alipoanza kumfuta jasho kwa leso, bibi harusi akamwambia, "Usinifute hovyo, utanimaliza rangi," na waliokuwa mbele wakasikia wakaangua kicheko.

Viti vya wazazi vilikuwa viwili, mbele, vimefungwa utepe. Shemeji alishakaa. Mimi nikasogea, maana ndivyo ilivyopangwa. Nikamwona mwenzangu amejibanza kwenye mlango wa jikoni, sweta lake amelivaa chini ya koti la kuazima ili lisionekane, anahimiza watu wa vyombo. Midomo imekuwa ya bluu.

Nikamfuata. "Vua koti."

"Mama mdogo, baridi."

"Hilo la ndani linatosha. Nililifuma mimi, nalijua. Vua, uende ukakae."

"Tulishakubaliana."

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilipigiwa simu tu."

"Watu watasema nimevaa nguo ya marehemu nikakaa kiti cha marehemu."

"Marehemu hakuwahi kuliona sweta hili," nikamwambia. "Na mtoto umemlea wewe. Nenda, wanasubiri."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Nyuma yako."

Alikwenda. Alikaa kwenye ncha ya kiti mwanzoni, kama anayesubiri kuitwa. Mimi nikachukua kiti cha safu ya pili, kile chenye msumari, nikasogea nacho mpaka magoti yangu yakagusa mgongo wa chake.

Sasa nikuambie nilichokiona, kwa sababu wengine waliotazama mbele hawakukiona. Wakati mtoto anaulizwa kama amekubali, na anajibu kwa ile sauti yake ya kuita watu wa tanuri, mimi nilikuwa natazama mabega yako. Yalikuwa pale, umbali wa mkono. Shingo haikuwa yako, nywele hazikuwa zako, lakini kutoka mshono wa juu mpaka kwapani ulikuwa wewe, umekaa kwenye harusi ya mwanao. Na hukubana viwiko. Ulikuwa na joto. Mara moja yakatikisika nikadhani ni baridi, kumbe analia, basi nikaweka kiganja changu hapo katikati ya mgongo, nikakiacha mpaka mwisho.

Sijui kama nimelitimiza neno lako. Uliyesema asitetemeke hakutetemeka, lakini si kwa kazi yangu. Nimelitimiza kwa mtu mwingine. Naona hapo ulinizidi ujanja.

Julai 13, Jumapili

Mwenzangu amenisindikiza kituoni. Basi lilichelewa, na kwa mara ya kwanza nimeshukuru basi kuchelewa. Alikuwa na maswali. Chai ya moto au ya vuguvugu? Ya moto, lakini unaisahau mpaka iwe vuguvugu, kwa hiyo majirani wote walisema kweli. Ulilala upande gani? Wa ukutani, na unaiba shuka. Ulicheka vipi? Nikasema, siwezi hapa. Akasema, jaribu. Nikajaribu. Mpakia mizigo mmoja akadhani nimekabwa.

Begi nimemwachia abebe mwenyewe.

Julai 14

Masweta ya shule. Fundi ameuliza, "Lilimkaa?"

Nikamwambia, "Lilimkaa mtu."

Akanyanyuka akaniletea tepu yake ya zamani, ile iliyofutika namba za mwanzo. "Kaa nayo," akasema. Nimeipokea.

Julai 21

Ukungu. Mtoto amepiga simu, anasema mumewe anakoroma. Wewe ulisemaga hivyo hivyo wiki ya kwanza.

Agosti 2

Mwenzangu amepiga akiwa na mtoto pembeni yake, wanabishana kama ulikuwa mwoga wa mbwa. Nimewaeleza siku ulipopanda juu ya gari la watu. Nasikia mtoto anasema kule nyuma, "Ma, si nilikwambia!" Imekuwa kila siku chache. Wanauliza, najibu. Mambo mengine nilikuwa sijawahi kuyasema kwa sauti. Nikishayasema hayapungui, kama nilivyokuwa nikiogopa.

Agosti 17

Jua limetoka, la kweli. Shuka limekauka kabla ya chakula cha mchana. Wateja wamepotea wote kama walivyokuja, na Fundi amerudisha kiburi chake, ana magauni mpaka dirishani.

Nimeanza kufuma sweta la mabega ya mwanao, kwa vipimo alivyonitumia, na nimeviuliza mara mbili. Ni kazi kubwa, linakula sufu kama tanuri linavyokula kuni. Atalivaa msimu ujao au atalitundika, shauri yake.

Sitakuandikia tena mpaka baridi irudi. Si kwamba nimenyamaza, ni kwamba siku hizi nakuzungumza na watu. Nimewapa karibu yote niliyokuwa nayo juu yako, wanayatumia vizuri. Na wewe, kama huko uliko mtu hukumbuka, dada yangu, unikumbuke.